Sayyidna Umar bin Al-Khattab na Wazee Wasiokuwa na Mtu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Katika maswali yanayotufikia, lipo moja linalorudi kila mara kwa sura tofauti. Mzee amebaki peke yake nyumbani, watoto wake wako Dar es Salaam, Maskati au London, na mwengine hakujaaliwa mtoto kabisa. Huyo ni juu ya nani? Jirani? Msikiti? Serikali? Tumeona kabla ya kufika kwenye hukumu tueleze maisha ya mtu aliyekutana na suala hili hasa, naye akiwa na mamlaka na mali mkononi: Sayyidna Umar bin Al-Khattab (Radhiya Allahu anhu).

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adiyy. Ujana wake alichunga ngamia wa baba yake, Al-Khattab, mtu mkali aliyemchosha kwa kazi, na hata alipokuwa Khalifa hakuona haya kuyataja maisha hayo. Kisa cha kusilimu kwake kinajulikana na watoto wetu wa madrasa, kwa hivyo hatutakirejea.

Tunaanzia Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Umar alipata huko ardhi ambayo hakuwahi kuwa na mali bora kuliko hiyo. Akaenda kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kutaka ushauri wa kuifanyia. Akaelekezwa alizuie shina na kuyatoa sadaka matunda yake. Basi akaifanya wakfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Mapato yake ni ya mafakiri, jamaa, kuwakomboa watumwa, katika njia ya Allah, wageni na wasafiri. Msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wema bila ya kujilimbikizia, na usimamizi baada yake akauusia kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (Radhiya Allahu anha). Tazama alivyopanga: fungu limejulikana, wanufaika wametajwa, msimamizi ana jina na ujira wake una mpaka. Wakfu nyingi hupotea kwa kukosa hayo ya mwisho.

Mwaka wa 13 Hijria (634) akashika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar. Ardhi za Sham, Iraq na Misri zikafunguka na mali ikaanza kumiminika Madina. Abu Hurayra alipomletea dirhamu 500,000 kutoka Bahrain, Umar hakuamini masikio yake. Akamuuliza kama anajua anachokisema, akamwambia akalale kwanza, arudi asubuhi. Asubuhi hesabu ikawa ile ile. Hapo ndipo likaja suala la namna ya kuigawa, na baadhi ya Swahaba wakamshauri aweke daftari la majina. Huo ndio mwanzo wa Diwani, ambayo wengi wameitaja kuwa ni ya mwaka wa 20 Hijria. Waandishi walikuwa watatu waliojua nasaba za Maquraishi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Walipompelekea daftari wameuweka ukoo wake juu, mara baada ya ukoo wa Abubakar, alilirudisha. Akaamuru waanze na jamaa wa karibu wa Mtume, na Bani Adiyy wawekwe pale walipowekwa na Allah.

Kisa kinachotufurahisha zaidi ni cha mkate. Umar alitaka kujua mtu mmoja anahitaji chakula kiasi gani kwa mwezi, na hakukisia. Aliamuru kipimo kimoja cha nafaka, kiitwacho jarib, kisagwe, kiokwe mikate, kitiwe mafuta, kisha wakaitwa watu 30 wakala mchana mpaka wakashiba. Jioni akafanya hivyo hivyo kwa kipimo chengine. Vipimo viwili vimewatosha watu 30 kwa siku moja, basi vitamtosha mtu mmoja kwa siku 30. Ndivyo ulivyowekwa mgao wa jarib mbili kwa mwezi kwa kila mtu, mwanamme, mwanamke na hata mtumwa. Kijana na kikongwe walipata sawa, na mzee hakulazimika kusimama mlangoni mwa mtu kuomba unga.

Hata hivyo daftari haliogeshi mgonjwa. Abu Nu'aym amesimulia kuwa Talha (Radhiya Allahu anhu) alimuona Umar usiku wa giza akiingia nyumba moja kisha nyengine. Asubuhi akaenda kuchungulia, akamkuta bibi kizee kipofu asiyeweza kuinuka. Akamuuliza yule mtu anakuja kufanya nini. Bibi akamueleza kuwa tangu zamani humjia, humletea anachohitaji na humtolea uchafu. Talha alijilaumu kwa kwenda kumchunguza mtu kama huyo.

Kadhia nyengine imepokewa na Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj. Umar alipita mlangoni mwa watu akamkuta mzee kipofu anaomba. Akamgusa mkono kutoka nyuma, akamuuliza ni mtu wa Kitabu gani. Akajibu kuwa ni Yahudi, na kilichomfikisha hapo ni jizya, shida na uzee. Umar akamshika mkono, akenda naye nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Wengi wetu tungeishia hapo na kulala tumeridhika. Yeye alituma kwa mtunza Baitul-mali amuangalie mzee huyo na wote walio mfano wake, akiona si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni, na akamuondolea jizya yeye na wenziwe. Neno la "mfano wake" ndilo lililoigeuza huruma ya njiani kuwa haki ya kila mzee wa hali ile, hata ambaye Khalifa hatapita mlangoni pake.

Na fedha zitoke wapi, mwaka huu na miaka 50 ijayo? Ilipofunguliwa Sawad ya Iraq, baadhi ya Swahaba, akiwemo Bilal, walitaka ardhi igaiwe kwa wapiganaji. Umar alikataa, akahoji wajane na vizazi vijavyo watabakiwa na nini. Mjadala ulikuwa mkali, akawaita Answari kumi, watano wa Aws na watano wa Khazraj, wasikilize pande zote. Mwisho ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake kwa kharaj ya kila mwaka, na Uthman bin Hunayf akatumwa kuipima.

Visiwani kwetu, Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefika miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mzee anahitaji pia wa kumpeleka hospitali na wa kumpikia uji, na hayo ni ya shehia, jirani na msikiti. Wakfu tunazozijua zaidi ni za misikiti na mashamba ya minazi. Anayetaka kuweka wakfu nyumba au mikarafuu kwa ajili ya dawa na uuguzi wa wazee wa mtaa wake anaweza, na ataje msimamizi kama alivyotaja Umar. Zaka nayo hupewa mzee fakiri au maskini. Ama mtoto mwenye uwezo, zaka yake haimpi mzazi wake anayewajibika kumlisha: matumizi ya mzazi yamo shingoni mwake, awe Maskati au London.

Katika Sahih Al-Bukhari imo kuwa siku chache kabla ya kuchomwa kisu, Umar alisimama na Hudhayfa na Uthman bin Hunayf, akawauliza kwa wasiwasi kama wameibebesha ardhi ya Iraq kuliko inavyoweza. Walimhakikishia kuwa hapana. Akasema Allah akimbakisha, atawaacha wajane wa Iraq hawamhitaji mtu yeyote baada yake. Hazikupita ila siku nne. Alichomwa akiwa katika Swala ya Alfajiri, mwaka wa 23 Hijria (644), na kabla ya kufa alimwita mwanawe Abdullah ahesabu madeni yake. Yalifika kama 86,000, akausia yalipwe kwa mali ya jamaa zake, na isipotosha waombwe Bani Adiyy.

Wallahu a'lam.