Shaaban Robert, Karani Aliyeandika Vitabu

Wengi wetu tulisoma Shaaban Robert shuleni. Lakini si wote wakumbukao kuwa alikuwa mtu wa pwani yetu hii ya kaskazini, na ya kuwa vitabu vyake vingi aliviandika huku akitafuta riziki kwa kazi ya ukarani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi za serikali huko Tanga.

Alipata wapi mambo ya kuandika? Kwanza, nyumbani mwake. Mkewe Amina alipofariki, alimwombolezea kwa shairi. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Hussein Utenzi wa Adili, ili wapate malezi mema.

Pili, katika urithi wa wengine. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya hadithi ya Alfu Lela Ulela, naye akaivika adabu na lugha ya kwetu. Alimwendea pia Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini, akaandika wasifu wake.

Tatu, katika dhuluma aliyoiona. Katika Kusadikika, cha mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa sababu ya kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote, lakini wasomaji wengi wameitambua kuwa ni nchi iliyo chini ya wakoloni. Karani wa serikali asingeweza kuyasema hayo waziwazi, hadithi iliyasema.

Kwa wenye kutaka kuandika alitoa Kielezo cha Insha, mwaka 1954. Walakini mwenendo wake unafundisha zaidi ya kitabu hicho. Aliandika kwa Kiswahili wakati Kiingereza ndicho kilicholeta cheo. Wala hakungoja apate nafasi kubwa, bali alitumia saa alizobakiziwa na kazi.

Tena alivumilia. Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi michache tu baada ya Uhuru. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, alivyovitunga katika miaka ya 1940, vilipigwa chapa mwaka 1967. Utubora Mkulima kikafuata mwaka 1968. Hakuviona vikiwa vitabu. Kama angeacha kuandika kwa kuwa mpiga chapa amekawia, leo tusingekuwa navyo.

Yeye alikuwa Mwislamu, nasi ni Wakristo, lakini adili aliyoihubiri ni mali ya kila nyumba ya pwani. Basi, vijana wetu wa Bagamoyo, Saadani na Pangani, wazee mnao na hadithi zao mnazisikia. Chukueni daftari mziandike mapema, kabla wenyewe hawajaondoka. Kitabu chaweza kungoja miaka ishirini, lakini mzee hangoji.