Cousteau, Mfaransa aliyefunga hewa mgongoni akazama baharini

MKULIMA wa mboga wa Mlola, wilayani Lushoto, anayejifunga bomba la kupulizia dawa, anajua kuwa mkanda uliolegea huyumbisha mzigo na uliobana mno huumiza bega. Mzigo wa mgongoni, lakini wa hewa, ndio uliompa jina Jacques-Yves Cousteau.

Alizaliwa Ufaransa, Juni 11, 1910, akajiunga na jeshi la wanamaji akitaka urubani. Ajali ya gari ya mwaka 1936 ilimvunja mikono na kuizima ndoto hiyo. Akageukia kuogelea.

Wazamiaji wengi wa zama hizo walivaa kofia nzito za shaba na kuletewa hewa kwa mpira kutoka juu. Yves Le Prieur alikwishaunda mtungi wa kubebwa, ila hewa yake ilitiririka mfululizo na kwisha upesi. Mwaka 1943 Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda vali iliyotoa hewa pale tu mzamiaji alipovuta pumzi.

Jaribio la awali, katika mto Marne, lilikwama. Cousteau aliposimama hewa ilipotea ovyo. Alipoinamisha kichwa ikawa shida kuivuta. Tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko pale hewa ilipoingilia. Yalipowekwa sawa, kifaa kikafanya kazi. Juni mwaka huo alizama baharini akiwa na mitungi mitatu mgongoni.

Bamba la mgongoni lenye mikanda ya mabega, kiuno na mapaja lilikuja baadaye. La chuma cha pua humsaidia aliyevaa nguo nene za maji baridi. La alumini, jepesi, hutosha kwa bahari ya joto kama ya Tanga. Bizimu ya kiunoni sharti ifunguke kwa mkono mmoja.

Kazi hiyo ilidai roho. Mwaka 1947 Maurice Fargues, mwenzake Cousteau, alikufa akijaribu kina cha mita 120.

Mwaka 1956 filamu ya Cousteau kuhusu bahari ilishinda Cannes. Ndani yake wenzake walilipua mwamba wa matumbawe kwa baruti ili kuhesabu samaki, uharibifu uleule ambao wavuvi haramu wameufanya kwa miaka mingi katika pwani ya Tanga. Ni doa lisilofichika, ingawa baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa bahari.

Mwanawe Philippe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1979. Cousteau mwenyewe alifariki Paris, Juni 25, 1997, akiwa na miaka 87.