Johnny Unitas

John Constantine Unitas (anayejulikana zaidi kama Johnny Unitas, 7 Mei 1933 – 11 Septemba 2002) alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani kutoka nchini Marekani. Alicheza nafasi ya kwotabeki kwa misimu 18 katika Ligi ya Taifa ya Futiboli (NFL), na misimu 17 kati ya hiyo alikuwa na timu ya Baltimore Colts. Aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 1958 na 1959, na alikuwa kikosini iliposhinda Super Bowl mnamo Januari 1971.

Unitas alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kurusha pasi zilizofikisha jumla ya yadi 40,000. Hata hivyo sehemu kubwa ya sifa yake inatokana na yale yaliyowapata wenzake. Alipoingia kikosini mwaka 1956, Colts ilikuwa na wapokeaji vijana ambao bado hawakuwa wamethibitisha lolote. Wawili kati yao, Raymond Berry na Lenny Moore, baadaye waliingizwa katika Jumba la Umaarufu la mchezo huo.

Nafasi ya kwotabeki

Futiboli ya Kimarekani ni tofauti na soka. Mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi, na timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea angalau yadi 10. Katika kila jaribio kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza. Anaweza kumkabidhi mkimbiaji, au kumrushia mpokeaji aliyetangulia mbele. Mpokeaji hukimbia njia iliyopangwa kabla, huku mlinzi wa upande wa pili akijaribu kumzuia au kuunasa mpira.

Hivyo mpokeaji hawezi kung'ara peke yake. Hata akiwa na mbio na mikono mizuri, mpira ukimfikia kwa kuchelewa mlinzi huwa ameshafika. Siku za Unitas mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa kanuni ziliwaruhusu walinzi kuwasukuma na kuwagonga wapokeaji kwa kiasi ambacho leo kingeadhibiwa.

Maisha ya awali

Unitas alizaliwa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, katika familia yenye asili ya Lithuania. Baba yake alifariki Johnny akiwa na umri wa miaka mitano. Mama yake aliiendeleza biashara ndogo ya familia ya kusambaza makaa ya mawe, akawalea watoto kwa kipato hicho.

Alicheza futiboli katika shule ya Kikatoliki ya St. Justin mjini humo. Alitamani kujiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame, lakini alionekana mwembamba mno. Alikuwa na uzito wa kilo 66 hivi. Alienda Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo la Kentucky, akacheza huko kuanzia 1951 hadi 1954.

Mwaka 1955 timu ya nyumbani kwao, Pittsburgh Steelers, ilimchagua katika raundi ya tisa ya uteuzi wa wachezaji wapya. Kocha Walt Kiesling alimwacha kabla ya msimu kuanza, na hakupewa nafasi ya kucheza hata katika mechi moja ya majaribio. Unitas, ambaye tayari alikuwa na mke na mtoto, alifanya kazi ya ujenzi mchana. Mwishoni mwa juma alichezea timu ya mtaani iliyoitwa Bloomfield Rams kwa malipo ya dola 6 kwa mechi, katika viwanja vibovu.

Kufika Baltimore

Mwanzoni mwa 1956 alipigiwa simu na uongozi wa Baltimore Colts akaitwa kufanyiwa majaribio. Inasemekana simu hiyo iligharimu senti 80, na bei hiyo imekuwa sehemu ya hadithi yake. Kocha Weeb Ewbank alimpokea kama mchezaji wa akiba tu. Kwotabeki wa kwanza alikuwa George Shaw, kijana aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa la ligi nzima mwaka uliotangulia.

Katika mechi ya nne ya msimu, dhidi ya Chicago Bears, Shaw aliumia vibaya mguu na Unitas akaingia. Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Pasi yake ya kwanza ilinaswa na J. C. Caroline wa Bears, ambaye alikimbia nayo hadi kufunga. Baada ya hapo mpira ukaanguka wakati Unitas akijaribu kumkabidhi mkimbiaji. Colts walifungwa 58–27.

Ewbank hakuwa na mtu mwingine wa kutegemea, hivyo Unitas aliendelea kucheza. Juma lililofuata Colts waliifunga Green Bay Packers. Kufikia mwisho wa msimu, zaidi ya nusu ya pasi zake zilikuwa zimefika mikononi mwa wenzake, kiwango kizuri sana kwa mchezaji mgeni wa wakati ule. Shaw hakuipata tena nafasi yake.

Wapokeaji vijana

Raymond Berry na Unitas walizaliwa mwaka mmoja, 1933. Berry alitoka Texas, ambako baba yake alikuwa kocha, na alichaguliwa na Colts katika raundi ya 20, wakati ambapo timu nyingi huwa zinajaza tu orodha. Hakuwa na mbio za kutisha. Macho yake hayakuona vizuri na alilazimika kuvaa lenzi, tena alikuwa na tatizo la mgongo lililofanya miguu yake isilingane. Katika msimu wake wa kwanza, 1955, alidaka pasi 13 tu na hakufunga hata mara moja. Kwa takwimu hizo angeweza kuachwa wakati wowote.

Lenny Moore alikuwa kinyume chake. Alikuja mwaka 1956 kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania akiwa chaguo la raundi ya kwanza, mwenye mbio na wepesi ambao walinzi wengi hawakuumudu. Alitumika kama mkimbiaji na pia kama mpokeaji. Moore alikuwa Mmarekani Mweusi katika mji ambao bado ulitenganisha watu kwa rangi. Nje ya uwanja yeye na wenzake Weupe hawakuweza kuingia pamoja katika migahawa mingi. Mpokeaji wa tatu alikuwa Jim Mutscheller, mtu wa nguvu aliyecheza karibu na mstari wa wazuiaji.

Unitas na Berry waligundua mapema kwamba wote wawili hawakuchoka kufanya mazoezi. Wenzao walipokwenda kuoga, wao walibaki uwanjani. Berry alikimbia njia ileile mara nyingi, na Unitas alirusha mpira kabla mwenzake hajageuka, akiulenga mahali ambapo Berry angekuwa baada ya hatua kadhaa. Kwa njia hiyo mlinzi alinyimwa muda wa kuitikia, na mpokeaji asiye na mbio aliweza kumshinda mwenye mbio. Berry aliorodhesha miondoko 88 ya kumkwepa mlinzi na akaijaribu yote. Walizungumzia pia hali ambazo zilikuwa bado hazijawatokea katika mechi yoyote.

Kwa Moore mbinu ilikuwa nyingine. Yeye hakuhitaji hesabu ndefu ya hatua. Alihitaji mtu wa kuona kwamba mlinzi ameachwa nyuma, na mwenye mkono wa kuufikisha mpira mbali. Unitas alikuwa na vyote viwili. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua karibu kila jaribio uwanjani, kama ilivyokuwa desturi ya makwotabeki wa enzi hiyo, na mara nyingi aliwasikiliza wapokeaji waliporudi na habari za udhaifu wa walinzi.

Matokeo yalionekana haraka. Berry alidaka pasi 37 mwaka 1956. Mwaka 1957 alidaka 47 zilizofikisha yadi 800, jumla iliyoongoza ligi, na mwaka huohuo Mutscheller aliongoza kwa kudaka pasi 8 za kufunga. Kuanzia 1958 hadi 1960 Berry aliongoza au alifungana kileleni kwa idadi ya pasi alizodaka kila msimu: 56, kisha 66, kisha 74. Ikumbukwe kwamba wakati huo timu ilicheza mechi 12 tu kwa msimu.

Fainali ya 1958

Mnamo Novemba 1958 Unitas alivunjika mbavu na kutobolewa pafu katika mechi dhidi ya Green Bay. Alikosa mechi mbili, akarudi akiwa amevaa kinga kifuani. Colts walimaliza msimu kwa ushindi wa mechi 9 na kupoteza 3, wakafuzu kwa fainali.

Fainali ilichezwa tarehe 28 Desemba 1958 katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, dhidi ya New York Giants. Walinzi wa Giants walifundishwa na Tom Landry, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa makocha mashuhuri wa ligi. Zikiwa zimebaki dakika zisizozidi mbili, Giants waliongoza 17–14 na Colts walikuwa yadi 14 tu kutoka mstari wao wenyewe.

Hapo Unitas alirusha pasi tatu mfululizo kwa mtu mmoja, Berry. Kabla ya ile ya kwanza, Giants walifanya jambo lisilotarajiwa: mlinzi wa katikati, Harland Svare, alisogea hadi mbele ya uso wa Berry ili amzuie asianze kukimbia. Njia iliyokuwa imepangwa isingefaa tena. Lakini hali hiyo ilikuwa mojawapo ya zile walizowahi kuzizungumzia wakiwa wawili. Walitazamana tu. Berry alimkwepa Svare, akakata kuingia ndani, na mpira ukamfikia hapohapo kwa yadi 25. Mbili zilizofuata zilikuwa za yadi 15 na 22. Zikiwa zimesalia sekunde 7, Steve Myhra alipiga mpira kati ya milingoti na matokeo yakawa 17–17.

Mechi ikaingia muda wa ziada, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali ya ligi hiyo. Giants walianza na mpira wakashindwa kusogea vya kutosha. Unitas aliwapeleka Colts yadi 80 kwa majaribio 13. Walipokuwa karibu na mstari, ambapo wengi wangeridhika kupiga kati ya milingoti, alirusha pasi ya hatari kwa Mutscheller aliyeangushwa yadi moja kabla ya kufunga. Alan Ameche aliubeba mpira na kumaliza mechi kwa 23–17.

Berry alidaka pasi 12 kwa yadi 178 siku hiyo. Mamilioni ya Wamarekani walitazama mechi hiyo kwenye televisheni, na wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyoufanya mchezo wa kulipwa upendwe nchi nzima.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1959 Unitas alirusha pasi 32 za kufunga, rekodi ya wakati huo, na 14 kati ya zilizofungwa na Colts msimu huo zilidakwa na Berry. Colts waliifunga tena Giants katika fainali, 31–16. Tangu Desemba 1956 hadi Desemba 1960 Unitas alirusha angalau pasi moja ya kufunga katika kila mechi aliyocheza, mechi 47 mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu hadi Oktoba 2012, ilipovunjwa na Drew Brees wa New Orleans Saints.

Miaka iliyofuata haikuwa na mataji mengi. Mwaka 1964 Colts walifika fainali wakafungwa 27–0 na Cleveland Browns. Unitas alikuwa mtu wa kuthubutu, na kuthubutu kwake kulikuwa na gharama: katika maisha yake ya mchezo pasi 253 zilinaswa na wapinzani, dhidi ya 290 za kufunga.

Wachezaji wapya waliendelea kunufaika naye. John Mackey alifika mwaka 1963 kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse na katika msimu wake wa kwanza alifunga mara 7. Yeye pia aliingia Jumba la Umaarufu.

Kabla ya msimu wa 1968 Unitas aliumia kiwiko cha mkono wa kulia. Nafasi yake ilichukuliwa na Earl Morrall, na Colts wakapoteza Super Bowl ya Januari 1969 kwa New York Jets, waliofundishwa na Ewbank yuleyule. Miaka miwili baadaye Colts waliishinda Dallas Cowboys 16–13. Katika mechi hiyo Unitas alimpa Mackey pasi ya kufunga ya yadi 75, ingawa mpira uliguswa na watu wengine wawili njiani. Baadaye aliumia mbavu na Morrall akamalizia. Alimaliza na San Diego Chargers msimu wa 1973, akastaafu mwaka uliofuata. Mwaka 1979 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu.

Baada ya kustaafu

Timu ya Colts ilipohamishiwa Indianapolis mwaka 1984, Unitas alikata uhusiano nayo na akabaki Baltimore. Mkono wake wa kulia ulizidi kudhoofika hadi vidole vikashindwa kushika mpira. Aliomba fidia ya ulemavu kutoka mfuko wa wachezaji wa ligi, akanyimwa.

Alioa mara mbili na alikuwa na watoto wanane. Alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 11 Septemba 2002 akiwa anafanya mazoezi huko Timonium, Maryland. Sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Baltimore Ravens, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Towson unaitwa kwa jina lake. Katika ibada ya mazishi, iliyofanyika kwenye kanisa kuu la Kikatoliki la Baltimore, Raymond Berry ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga.