Charles Doolittle Walcott

Charles Doolittle Walcott (31 Machi 1850 – 9 Februari 1927) alikuwa mwanajiolojia na mtaalamu wa visukuku kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kugundua visukuku vya Burgess Shale nchini Kanada mwaka 1909.

Maisha

Alizaliwa New York Mills, jimbo la New York. Aliacha shule akiwa na miaka 18 na hakusoma chuo kikuu. Alipofanya kazi shambani huko Trenton Falls alikusanya trilobiti, na mwaka 1873 aliuza mkusanyo wake kwa Louis Agassiz wa Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye alikata mawe kuwa vipande vyembamba na kuonyesha kwamba trilobiti walikuwa na miguu. Aliongoza idara ya serikali ya upimaji wa jiolojia (1894–1907), halafu Taasisi ya Smithsonian hadi kifo chake.

Visukuku vya Burgess

Mawe hayo yana umri wa miaka milioni 508 hivi. Yamehifadhi hata matumbo na matamvua ya wanyama wa baharini, sehemu ambazo kwa kawaida huoza kabla ya kuwa kisukuku. Walcott, mara nyingi pamoja na familia yake, alikusanya vielelezo zaidi ya 65,000. Arithropodi mmoja alimwita Sidneyia, kwa jina la mwanawe Sidney aliyeokota kielelezo cha kwanza.

Kuainisha kulikuwa kugumu zaidi. Wawindaji wakubwa wa bahari ile walipatikana vipandevipande, na kila kipande kilipewa jina lake. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alikuwa ameita kiungo kimoja Anomalocaris, akidhani ni mwili wa mnyama kama kamba. Mwaka 1911 Walcott aliona mdomo wa duara akauhesabu kuwa konyeza, akauita Peytoia. Mwili uliobanwa mwambani aliuita Laggania na kuuweka kati ya majongoo-bahari. Kiungo chenye miiba cha kukamatia mawindo alidhani ni cha Sidneyia. Si makosa ya uzembe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemtambua mnyama mzima.

Baadaye Harry Whittington aliondoa mwamba kidogokidogo juu ya kielelezo kimoja, akakuta viungo vimeshikamana na mwili. Mwaka 1985 yeye na Derek Briggs walieleza kwamba vipande vyote ni vya wanyama wa jenasi moja, Anomalocaris. Leo Peytoia huhesabiwa tena kuwa jenasi ya pekee, na zote mbili zimo katika Radiodonta, jamaa wa kale wa arithropodi.