Daktari wa Marubani Walioungua

Archibald McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900. Alisomea udaktari huko huko, akafanya kazi Marekani, kisha akahamia London, ambako ndugu yake wa mbali, Harold Gillies, alimfundisha kazi ya kutengeneza nyuso zilizoharibika. Vita vikuu vya pili vilipoanza mwaka 1939, alipelekwa hospitali ya East Grinstead, kusini ya Uingereza. Mwaka uliofuata wakaanza kuletwa marubani, wengi wao vijana, wameungua uso na mikono kwa petroli ya ndege.

Watu wengi hudhani kwamba moto ukizimwa hatari imekwisha. Sivyo. Mishipa midogo ya damu iliyopatwa na joto huvuja kama chujio. Maji ya damu, pamoja na chumvi yake, hutoka yakajaa katika nyama na malengelenge. Mtu akiungua sana, hata sehemu ambazo moto haukuzigusa huvimba. Damu inayobaki ni kidogo na nzito. Moyo hupiga mbio, lakini hauna damu ya kutosha kusukuma. Mgonjwa huwa baridi, ana kiu, mkojo wake hupungua, mwishowe figo hushindwa kazi. Huo ndio mshtuko wa kuungua. Huja katika saa za kwanza, pengine mgonjwa angali akizungumza na wenzake, nao huwadanganya wanaomwuguza. Dawa yake ni kumrudishia maji mshipani upesi. Wakati ule walitumia hasa maji ya damu yaliyotolewa na watu wengine.

Lakini tangu mwaka 1925 madaktari wengi walikuwa wakipaka vidonda asidi ya taniki, dawa ile ile igeuzayo ngozi mbichi ya mnyama kuwa ngozi ya viatu. Walitumaini gamba gumu lingezuia maji yasitoke. Mishipa iliendelea kuvuja chini ya gamba, na waliopona mshtuko walibaki na vidole vilivyojikunja na kope zisizoweza kufumba. McIndoe aliichukia dawa hiyo, akashindana na wakubwa mpaka ikaachwa kutumiwa usoni na mikononi. Ilionekana kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Basi yeye akawalaza wagonjwa wake katika maji vuguvugu ya chumvi. Wengine walipasuliwa mara nyingi, miaka mingi. Mwaka 1941 wakaunda chama chao, wakajiita kwa mzaha wanyama wa majaribio; wanachama wakafikia 649.

Baada ya vita alinunua shamba karibu na Kilimanjaro. Mwaka 1957, yeye na madaktari wenzake Michael Wood na Thomas Rees walianzisha kazi ya madaktari wa ndege wa Afrika ya Mashariki, ambayo leo ni Amref, yenye makao yake Nairobi. Alifariki London mwaka 1960, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la jeshi la anga, St Clement Danes.