Roger Clark, dereva aliyenunua ekseli ya mtu barabarani katikati ya mashindano

Wadau, wale mnaokesha mkicheza gemu la Colin McRae Rally, hii ni yenu. Gemu hilo lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Mwaka huohuo, tarehe 12 Januari, alifariki Mwingereza mmoja ambaye alipita njia ile kabla McRae hajajua hata kushika usukani. Jina lake Roger Clark. Hapa kwetu ukimtaja utaulizwa Clark yupi, yule wa Formula 1? Hapana, yule ni Jim, Mskoti, alifariki 1968. Huyu ni wa kwenye vumbi na tope.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1939 huko Leicestershire, katikati ya Uingereza. Nyumbani kwao biashara ilikuwa magari, wana gereji yao, kwa hiyo dogo alikua akiwa na grisi mikononi. Hilo muliweke akilini maana litamsaidia mbele ya safari. Alianza na rali ndogondogo za usiku za kule kwao, akapata Mini Cooper, halafu Ford Cortina GT. Mwaka 1965 akabeba ubingwa wa rali wa Uingereza, na mwaka huohuo kwenye Monte Carlo alimaliza wa 6 akiwa na Rover 2000, gari la wazee wa ofisini jamani! Ford wakaona huyu si wa kuachia, na baada ya hapo jina lake na la Ford yakawa kama pete na kidole.

Staili yake ilikuwa ya ubavu. Yaani kona ikifika, gari linaingia kwa mbavu, mkia umetoka nje, pua inaangalia ndani, na jamaa mwenyewe ametulia kana kwamba anaenda sokoni. Wengine walipigana na usukani, yeye hakuonekana kuwa na haraka. Saa ndiyo ilikuwa inasema ukweli.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 1968 gazeti la Daily Express la Uingereza lilidhamini mashindano ya kutoka London hadi Sydney, Australia. Zawadi ya kwanza pauni 10,000. Tarehe 24 Novemba magari 98 yakaondoka Crystal Palace, London. Njia inapita Ulaya, Uturuki, Uajemi, Afghanistan, Pakistan hadi Bombay, India. Pale magari yanapakiwa melini mpaka Fremantle, halafu wanakatiza Australia nzima hadi Sydney. Jumla ni kilomita kama 16,000. Wewe ukitoka Dar kwenda Mwanza kwa basi unalalamika kiuno!

Clark alipewa Lotus Cortina, akishirikiana na Msweden Ove Andersson. Huyo Andersson wazee wa Safari Rally watamkumbuka, ndiye aliyeshinda Safari ya 1975 akiwa na Peugeot 504, na baadaye akaongoza timu ya Toyota iliyotamba sana Kenya miaka ya 80 na 90.

Kwa wasioijua, Lotus Cortina ni ile Cortina ya kawaida iliyotiwa injini ya Lotus ya cc 1558 yenye kamshafti mbili juu. Nje unaona gari la mwalimu mkuu, ndani kuna moto. Zile za kwanza za 1963 zilikuwa na kasoro nyuma. Lotus waliweka springi za koili na fremu ya pembetatu iliyoshika chini ya difu, na mzigo ule ulikuwa unaisumbua nyumba ya difu mpaka oili inavuja. Oili inaingia kwenye mipira ya bushi, bushi zinaoza, nyuma gari linaanza kucheza. Mwaka 1965 Ford wakachoka, wakarudisha springi za mabamba, zile za kawaida. Lilionekana jambo dogo tu la kiwandani, lakini subirini.

Kutoka Sivas hadi Erzincan, Uturuki, Clark aliwaacha wenzake wote kwenye njia mbovu ya kilomita zaidi ya 270. Alikwenda kwa wastani wa karibu kilomita 95 kwa saa, usiku, milimani. Mpaka wanafika Bombay ndiye aliyekuwa anaongoza. Vichwa vya magazeti vikawa vyake.

Australia ndiko mambo yalikoharibika. Kwanza injini ikamletea matatizo, akashuka hadi nafasi ya 3. Angetoka kabisa, lakini mwenzake wa Ford, Eric Jackson, alikubali gari lake mwenyewe lifunguliwe vipuri ili la Clark liendelee. Fikiria hiyo: umeendesha kutoka London, halafu unaambiwa fungua boneti tukutoe vyuma. Mimi hapo sijui kama ningekubali.

Gari likawaka. Wakaondoka. Halafu difu ikafa.

Na difu ikifa kwenye gari la aina ile huna pa kukimbilia. Propela inaleta nguvu kutoka kwenye giaboksi, pinioni inazungusha kraunwili, kraunwili inagawa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Meno yakishakatika, injini itanguruma mpaka kesho na gari halisogei hata hatua. Wako porini, mbali na gereji yoyote, na kila dakika inayopita ni pointi zinakwenda.

Hapo ndipo walipokutana na Cortina kando ya barabara. Cortina ya mtu, ya raia, haina habari na mashindano. Clark akamfuata mwenye gari akamwomba amuuzie ekseli yake ya nyuma. Jamaa akagoma mwanzoni, na nani asingegoma? Lakini maneno yakapita, bei ikapita, mwisho akakubali.

Sasa mafundi mtanielewa kwa nini nimewaambia habari ya springi za mabamba. Lingekuwa lile toleo la 1963 lenye koili na pembetatu, ekseli ya gari la barabarani isingeingia, hakuna pa kuishikiza. Kwa kuwa Ford walirudi kwenye mabamba, ekseli ya raia na ya mshindani zikawa ndugu. Unapiga jeki, unaweka mawe au vigingi chini ya bodi ili lisikuangukie, unatoa magurudumu. Unafungua boliti 4 za propela pale kwenye pinioni, unatoa paipu ya breki, unatoa kebo ya hendibreki, unafungua shokapu chini, halafu zile yu-boliti zinazobana ekseli kwenye springi. Unaivuta nzima kwa ubavu, na difu yake ndani. Kisha kazi hiyohiyo mara ya pili kwenye gari la mwenzio, halafu unafunga kwa kurudi nyuma, na usisahau kutoa hewa kwenye breki, vinginevyo kona ya kwanza tu ni mtaroni. Na ni uzito wa watu wawili au watatu kubeba.

Iliwachukua kama dakika 80 kuondoka pale. Na wakaondoka kweli! Lakini dakika 80 kwenye mashindano ambayo watu wanahesabiana moja moja, ushindi umeshapita. Clark alimaliza wa 10.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo na kucheka. Mimi huwa namfikiria yule mwenye Cortina, gari lake limekaa juu ya mawe halina miguu ya nyuma, pesa mkononi, na vumbi la Lotus linapotelea mbali. Sijui mkewe alimpokeaje.

Mshindi alikuwa Mskoti Andrew Cowan na wenzake wawili kwenye Hillman Hunter, gari ambalo hakuna aliyelibandika picha ukutani. Hata yeye alisaidiwa na bahati, maana Lucien Bianchi wa Ubelgiji aliyekuwa anaongoza na Citroën alivaana uso kwa uso na Mini karibu kabisa na Sydney. Lakini kwa maoni yangu Ford walijiumiza wenyewe. Walipeleka injini ya kukimbia kwenye safari ya kuvumilia. Ajabu ni kwamba Cortina GT isiyo na mbwembwe ndiyo iliyoshinda Safari yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1964, ikiwa na Peter Hughes na Bill Young.

Mwaka huohuo wa 1968 Clark alishatamba na gari jingine, Escort Twin Cam, akashinda rali ya Acropolis ya Ugiriki. Na hilo nalo lilizaliwa kwa kubadilishiana vyuma. Mafundi wa Ford pale Boreham walichukua bodi ya Escort ndogo, wakaipachika injini, giaboksi na ekseli ya nyuma ya Lotus Cortina. Injini ilibidi ikae upande kidogo na betri ikahamishiwa kwenye buti, maana nafasi hakuna. Baadaye Escort za timu zikapewa ekseli nzito zaidi iliyoitwa Atlas. Kumbe somo la njiani Australia halikupotea.

Kilichobaki kilikuwa rali ya nyumbani, RAC. Tangu 1960 ilikuwa inachukuliwa na Waswedeni na Wafini tu, Waingereza wanapiga makofi kwao wenyewe. Mwaka 1972 Clark na Tony Mason wakaikomboa kwa Escort RS1600. Mwaka 1976 akarudia, akiwa na Stuart Pegg, akawa Mwingereza wa kwanza kushinda raundi ya mashindano ya dunia ya rali. Ubingwa wa Uingereza aliuchukua mara 4. Safari Rally haimo kwenye orodha yake, hiyo ilimkatalia.

Alifariki akiwa na miaka 58. Wanawe wameendelea na magari, na jina lake liko kwenye karakana inayotengeneza Subaru za mbio kule Leicestershire. Baada ya 1976 hakuna Mwingereza mwingine aliyeshinda RAC mpaka 1994, alipokuja kijana wa Kiskoti na Subaru ya bluu. Huyo ndiye mnayemjua kwenye gemu.

Swali kwa mafundi wa Gerezani, Kirinyaga Road na kwingineko: ekseli nzima ya nyuma, magari mawili, porini, vifaa vya kwenye buti tu. Nyie mngetumia dakika ngapi? Semeni hapo chini, na msidanganye.