Alitia Pedali Yeye, Wakala Wengine

Mnaonijua mwajua mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa, na kwamba riziki ilinileta Karagita, hapa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake. Nauza mahamri na mbaazi. Alfajiri mabasi ya mashamba ya maua yakipita kuchukua wafanyakazi, karai langu lishachemka zamani.

Leo siji na malalamiko ya bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya mtu aliyekufa mwaka 1891, lakini nianze na mwanangu.

Mkabala na kibanda changu yuko fundi wa kuchomelea, kijana mpole. Alichukua baiskeli kuukuu, akaikata, akabakisha gurudumu moja, foki na kiti. Pedali akazifunga moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu. Cheni hakuna, usukani hakuna, breki hakuna. Watoto wakaiita tairi moja. Mwanangu wa kidato cha pili aliivamia, na kwa wiki tatu nilikuwa nikimpaka mafuta magotini. Sasa huipanda kutoka kibandani kwangu hadi bombani, mikono kaitanua kama ndege. Aenda mbele, arudi nyuma, asimama pale pale akiyumbayumba bila kuanguka. Wenzake nao hawakukubali kuachwa: mmoja kajaribu akiwa na ndoo kichwani, mwingine alitaka ya kimo cha mlango. Jumapili watu hujaa barabarani kuwatazama.

Basi akaja mteja, akanunua mbili, akaondoka. Haukupita muda, karakana nyingine ikaanza kuuza tairi moja zinazofanana na hizi kama pacha, na mwenye nayo awaambia watu kuwa fikra ni yake. Fundi wetu alikuja kibandani, akaomba chai, akanyamaza. Nami ndipo nikamsimulia habari za Pierre Lallement. Marehemu babangu alikuwa fundi wa baiskeli, nimelelewa baina ya spoki na gundi ya pancha, kwa hivyo maisha ya mafundi huyafuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia tamthilia.

Lallement alizaliwa Ufaransa mwaka 1843, katika mji wa Pont-à-Mousson, karibu na Nancy. Kazi yake ya ujanani ilikuwa kuunda vigari vya kusukumia watoto wachanga. Mwaka 1862, akiwa Nancy, alimwona mtu amepanda chombo cha magurudumu mawili, kile alichokibuni Mjerumani Karl von Drais mwaka 1817. Chombo hicho hakikuwa na pedali. Mpandaji alikaa juu yake na kupiga ardhi kwa miguu, kama mtu anayekimbia huku ameketi.

Kijana huyo akajiuliza: je, miguu ikiacha ardhi kabisa? Leo swali hilo laonekana dogo, lakini enzi hizo haikuwa wazi kwamba binadamu aweza kukaa juu ya magurudumu mawili yaliyofuatana, miguu yote hewani, asipinduke. Mwaka 1863 alihamia Paris, akaajiriwa kwa mtengenezaji wa magari ya farasi, na huko akaunda chombo chake. Pedali alizitia kwenye gurudumu la mbele, zikashikana na kitovu chenyewe. Akajifunza kukipanda, akaanguka, akajifunza tena, kisha akatoka nacho barabarani watu wakimkodolea macho.

Nami namwangalia mwanangu juu ya tairi moja nikaona pedali zile zile. Mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiacha kukanyaga, gurudumu lasimama. Ukikanyaga kinyume, larudi nyuma. Baiskeli ya cheni haikupi hayo. Mchezo wote wa vijana wa Karagita wategemea jambo lile alilolifanya fundi wa vigari vya watoto.

Julai 1865 Lallement alivuka bahari kwenda Marekani, akafikia Ansonia, jimbo la Connecticut, akafanya kazi ya kiwandani. Huko akaunda chombo kingine. Husimuliwa kwamba siku moja aliteremka nacho mlimani, na kwa kuwa hakikuwa na breki, kikamkimbia. Mbele yake palikuwa na watu wawili ndani ya gari la farasi. Walipogeuka wakaona kitu kinawajia, wakachapa farasi wakatoroka. Yeye akaishia mtaroni, kalowa na kachubuka. Alipofika kwenye baa ya hapo karibu akawakuta wale wawili wakihadithia kwamba wamemwona shetani akiruka mlimani. Ikambidi ajieleze kuwa shetani huyo ni yeye. Nikikumbuka jinsi majirani zangu walivyopiga mayowe siku ya kwanza mwanangu alipokatiza mbele yao jioni, hucheka peke yangu.

Katika jiji la New Haven alipata mshirika, James Carroll, aliyemsaidia kwa fedha. Tarehe 20 Novemba 1866 wakapewa hataza ya Marekani, nambari 59,915. Ndiyo hataza ya kwanza ya baiskeli yenye pedali nchini humo. Kwa hiyo msidhani mtu huyu alikuwa mjinga asiyejua karatasi. Karatasi alikuwa nayo. Alichokosa ni kiwanda cha kumtengenezea, na subira ilimwisha. Mwaka 1868 akarudi Ufaransa.

Alikuta nini Paris? Alikuta mji mzima wawazimu kwa baiskeli za pedali, na jina linalotajwa ni la Michaux, mhunzi wa Paris, aliyekuwa akiziuza kwa wingi. Homa hiyo ikavuka hadi Marekani. Kumbi zikafunguliwa za kufundisha watu kupanda, na wanasarakasi wa ukoo wa Hanlon wakazipandisha jukwaani kufanya vituko. Kila mtu akala. Hataza ya Lallement ikauzwa kwa Calvin Witty wa New York mwaka 1869, na Witty akawatoza watengenezaji wengine ada kwa kila walichouza. Mwenye fikra alikuwa keshatoka mchezoni.

Wakaja wengine wakalipanua gurudumu la mbele hadi likafika kifuani mwa mtu mzima, maana kwa pedali za namna ile, gurudumu kubwa ndilo lenda mbio. Baiskeli hizo zilikuwa na tabia ya kuinua gurudumu la nyuma mpandaji akizuia ghafla. Walioanguka walilaani. Wenye vipaji walijifunza kubaki juu ya gurudumu la mbele peke yake, na inaaminika kwamba hivyo ndivyo tairi moja ilivyozaliwa.

Lallement alirudi tena Marekani karibu na mwaka 1880. Hataza yake ilikuwa imeshafika mikononi mwa Albert Pope, tajiri wa baiskeli. Pope akamwajiri kama fundi wa kawaida, na kesi za hataza zilipofika mahakamani, Lallement akaitwa kutoa ushahidi kuhusu kitu alichokibuni mwenyewe. Tarehe 29 Agosti 1891 akafariki Boston, umri wake miaka 47, hana mali wala sifa. Miaka mitatu baadaye, Ufaransa ikawajengea mnara Michaux na mwanawe katika mji wa Bar-le-Duc. Twasema chanda chema huvikwa pete. Safari hii pete ilivikwa chanda kingine.

Ni watafiti wa baiskeli, zaidi ya miaka mia moja baadaye, waliofukua nyaraka na kulirudisha jina lake. Tangu mwaka 1993 kuna njia ya baiskeli mjini Boston iitwayo kwa jina lake. Wengine bado wabishana nani alitangulia. Lakini wangebishana na nini kama isingekuwapo ile karatasi ya 1866? Haikumpa chakula, ila ndiyo iliyomtoa kaburini.

Fundi alinisikiliza hadi chai ikapoa. Nikamwambia tairi moja si uvumbuzi wake wala wa yule mwenzake wa karakana nyingine. Ni ya dunia nzima, na kwa hilo asipoteze usingizi. Lakini namna yake ya kuimarisha foki isipinde mtoto akiruka, hiyo hatujaiona kwingine. Hiyo aichore, aandike tarehe, aende aulize Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya kule Nairobi kama yafaa kusajiliwa. Na akijaliwa kuipata karatasi, asiiuze siku ya njaa.

Nduguzangu, kwetu Pwani tuna waunda majahazi, wachonga milango na wafua dhahabu wangapi ambao kazi zao twazijua na majina yao hatuyajui? Muulizeni fundi wa mtaa wenu jina lake kamili, mliandike, mkiwa naye hai.

Fundi hajaenda Nairobi bado. Nauli ni nauli. Lakini juzi alitengeneza tairi moja mpya, na chini ya kiti, kwa patasi na nyundo, kagonga herufi za jina lake na mwaka. Mwanangu ameshaanguka nayo mara mbili. Herufi hazijafutika.